Istilahi za Maombi ya Vifaa na Huduma kwa Wanafunzi wenye Ulemavu Vyuoni

Katika makala haya tunakusudia kuzichunguza istilahi zinazotumika pale mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye ulemavu anapoomba vifaa na huduma za kumwezesha kusoma. Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakaona kwamba jambo hili ni la maofisa wa ustawi wa wanafunzi, wala si la watu wa lugha. Sisi hatuoni hivyo. Mwanafunzi huyo aghalabu huamuliwa kwa karatasi kabla hajaonana na mtu yeyote. Karatasi hiyo hupita mikononi mwa mganga, mkuu wa kitivo, mhasibu na ofisa ugavi, na kila mmoja wao hulisoma neno lililoandikwa kwa maana aliyoizoea katika kazi yake. Neno likiwa na maana mbili, kifaa kitakachonunuliwa chaweza kuwa kile cha maana ya pili. Na muhula wa masomo haungoji barua ya masahihisho.

Mifano yetu mingi tumeitoa Tanzania, na pale panapofaa kulinganisha tumekwenda Kenya. Hatukusudii kutunga orodha ya maneno ya kukariri. Tunataka kuonyesha ni wapi maneno yaliyopo yanampoteza mwombaji, na ni yapi yanayoweza kumfikisha.

Jina la mtu na jina la hali yake

Kiswahili kimerithi majina ya zamani ya watu hawa: kilema, kipofu, kiziwi, kiwete, bubu. Jina kilema, ambalo lina uhusiano na kitenzi lemaa, hubeba maana mbili kwa pamoja: dosari iliyo mwilini na mtu aliye na dosari hiyo. Kwa hiyo katika jina hilo mtu na dosari yake wamekuwa kitu kimoja. Baadaye likaenea jina mlemavu, ambalo limemtoa mtu katika ngeli ya vitu na kumtia katika ngeli ya watu, lakini bado likamwita kwa hali yake. Siku hizi nyaraka rasmi zinasema mtu mwenye ulemavu. Yaani mtu ametangulia, na ulemavu umekuja nyuma yake kama jambo alilo nalo miongoni mwa mengi mengine aliyo nayo.

Mabadiliko hayo hayakuja kwa sababu ya adabu peke yake. Mwaka 1982 Tanzania ilitunga sheria mbili kuhusu watu hawa, moja ya ajira yao na nyingine ya matunzo yao. Neno hilo matunzo latufunulia mengi: mwenye kutunzwa hupewa kile ambacho mtunzaji ameona kinamfaa, wala haulizwi. Sheria hizo zilifutwa na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, iliyofuata baada ya Tanzania kuridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa tarehe 13 Desemba 2006. Kutoka matunzo hadi haki ni safari ndefu, na mfasiri anayeendelea kuandika "wasiojiweza" katika fomu za leo ameirudisha safari hiyo ilikoanzia. Nchini Kenya jambo lenyewe limeingizwa katika Katiba ya mwaka 2010, ambayo katika ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Ni nadra katiba kutoa amri juu ya uteuzi wa maneno, hapa imetoa.

Hata hivyo hatukubaliani na wale wanaodai kwamba kiambishi ki- peke yake ndicho tusi. Kiongozi, kijana na kinyozi wamo humo humo, na hakuna anayelalamika. Tena wahusika wenyewe hawakuchagua njia moja. Chama cha viziwi cha Tanzania, CHAVITA, kinajiita Chama cha Viziwi bila haya yoyote, maana wenye chama wanajiona kuwa ni watu wa lugha moja, lugha ya alama, kuliko kuwa watu waliopungukiwa na kitu. Wenzao walio vipofu wamechagua kujiita Chama cha Wasioona. Watu wenye ualbino nao wamelikataa kabisa jina zeruzeru. Kanuni tunayoiona hapa ni nyepesi: tuandike jina ambalo wenye hali hiyo wamelichagua, na pale tusipojua, tuseme mtu mwenye ulemavu wa kutoona, wa kutosikia, au wa viungo. Mwalimu asimsahihishe mwanafunzi aliyeandika "mimi ni kiziwi" ili aandike "mimi ni mtu asiyesikia". Mwenye jina ni yeye.

Maana tatu katika neno moja

Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitoa mpangilio uliotenganisha mambo matatu. La kwanza lilikuwa kasoro katika kiungo au katika kazi ya mwili; la pili, kushindwa kutenda jambo kwa sababu ya kasoro hiyo; na la tatu, hasara inayompata mtu katika maisha ya jamii. Mpangilio huo ulibadilishwa mwaka 2001 na mwingine unaotazama mwili, matendo na ushiriki, na ambao unayahesabu mazingira kuwa sehemu ya jambo lenyewe. Wafasiri wengi wa Kiswahili wameyaita yote hayo ulemavu. Katika mazungumzo ya kila siku hilo halina madhara makubwa. Katika fomu ya maombi lina madhara.

Sisi twapendekeza maneno matatu yaliyo tayari katika lugha: hitilafu, kwa kile kilichopungua au kugeuka mwilini, ulemavu, kwa hali ya mtu huyo anapokutana na mambo ya kutenda, na kikwazo, kwa kile kinachomzuia kikiwa nje ya mwili wake. Tuchukulie mwanafunzi wa sheria ambaye macho yake yaliharibika utotoni. Hitilafu iko katika jicho. Ulemavu ni kutoweza kusoma maandishi ya kawaida. Kikwazo ni kwamba kesi anazotakiwa kuzisoma zimo katika vitabu vizito vya maktaba ambavyo havipatikani kwa nukta nundu wala kwa sauti. Mganga anaweza kuthibitisha la kwanza na kukisia la pili. La tatu halijui, kwa sababu hajapata kuingia katika maktaba hiyo. Lakini kifaa hununuliwa kwa ajili ya la tatu.

Hapa ndipo penye kosa kubwa kuliko yote tunayoyaona katika nyaraka hizi. Fomu nyingi huomba uthibitisho wa ulemavu, kisha zikadhani kwamba mahitaji yamekwisha kujulikana. Kwa mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu Tanzania, ulemavu wa mwombaji au wa mzazi wake huthibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa, na hilo ni sawa kwa kuwa Bodi ya Mikopo inataka kujua nani apewe kipaumbele. Lakini karatasi ile ile ikipelekwa chuoni ili kuombea kifaa, inajibu swali ambalo halikuulizwa. Mganga huandika, kwa mfano, kwamba uwezo wa jicho ni 6/60. Maana yake ni kwamba mtu huyo huona kwa umbali wa mita 6 kile ambacho jicho timamu hukiona kwa mita 60. Hesabu hiyo ni sahihi, nayo haisemi kama mwanafunzi anahitaji maandishi makubwa, au lenzi ya kukuzia, au taa, au kinyume chake, kivuli. Wanafunzi wawili wenye 6/60 waweza kuhitaji vitu tofauti kabisa. Mwenye ualbino, mathalani, huumizwa na mwanga mkali, na miwani ya kawaida haimrudishii uoni wote. Mwingine bila taa ya karibu hawezi kusoma hata mstari mmoja.

Kwa hiyo tunahitaji istilahi mbili zisizochanganywa: uthibitisho wa ulemavu, ambao ni kazi ya mganga, na tathmini ya mahitaji, ambayo ni kazi ya mtu anayeyajua masomo na majengo, akiwa ameketi pamoja na mwanafunzi mwenyewe. Nchini Uingereza, ambako posho ya wanafunzi wenye ulemavu hutolewa bila kupima kipato cha familia na bila kurejeshwa, hatua hizo mbili zimetenganishwa waziwazi: kwanza ushahidi wa hali, kisha mazungumzo kuhusu kozi anayoisoma. Posho hiyo, tukumbushe kwa njia ya mkato, haimhusu mwanafunzi aliyekwenda huko kutoka Dodoma au Mombasa kwa viza ya masomo. Yeye hutegemea wajibu wa chuo chenyewe.

Istilahi uoni hafifu nayo yafaa itumiwe bila woga. Bila hiyo, fomu hubaki na visanduku viwili, "anaona" na "haoni", na mwanafunzi aliye katikati hulazimika kuchagua uongo mmojawapo.

Majina ya vifaa

Vifaa hivi huitwa kwa majina matatu yanayoshindana: nyenzo za kujimudu, vifaa saidizi na vifaa visaidizi. Nyenzo, kama watu wa pwani wajuavyo, ni yale magogo yanayowekwa chini ya kitu kizito ili kiviringike, kama vile chombo kinapovutwa pwani. Ni picha nzuri, maana gogo halikibebi chombo bali hurahisisha mwendo wake. Lakini neno hilo sasa limekuwa pana mno, hata bajeti na magari ya ofisi huitwa nyenzo. Kuhusu mengine mawili, twaona kwamba sarufi yetu ilikwisha kulikata shauri hili zamani: walimu wote wa Kiswahili hufundisha kitenzi kisaidizi na vitenzi visaidizi, wala si vitenzi saidizi. Basi na tuseme kifaa kisaidizi, vifaa visaidizi. Twajua kwamba vifaa saidizi limekwisha kuenea maofisini, na mwanafunzi aliyeliandika asirudishiwe fomu yake kwa sababu ya kiambishi.

Jina la jumla, hata hivyo, halinunui kitu. Ofisa ugavi hununua kwa jina mahususi, na hapo lugha ya mtaani yaweza kumponza mwombaji. Mfano ulio bayana ni ule wa kiti. Katika miji mingi ya Tanzania watu husema baiskeli ya walemavu, na kwa jina hilo hutaja vitu viwili visivyofanana. Kimoja ni chombo cha magurudumu matatu kinachoendeshwa kwa mikono, ambacho ni kizuri sana kwa barabara ndefu na ni kikubwa mno kwa mlango wa darasa. Kingine ni kitimwendo, ambacho huingia darasani, maktabani na msalani, lakini humchosha mtu katika mlima wa chuo. Mwanafunzi aliyeomba "baiskeli" akaletewa ya magurudumu matatu atafika mpaka mlango wa ukumbi wa mihadhara na kuishia hapo. Tena kitimwendo chenyewe si kimoja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 kuhusu viti vya kusukumwa kwa mkono katika nchi zenye uwezo mdogo ulisisitiza kwamba kiti sharti kilingane na mwili wa mtumiaji. Mwenye jeraha la uti wa mgongo ambaye hana hisia katika makalio aweza kupata vidonda vya mgandamizo kwa kuketi juu ya kiti kisicho na mto ufaao, na kidonda hicho chaweza kumtoa chuoni kwa miezi. Kwa hiyo katika fomu iandikwe: kitimwendo, upana wa kalio, urefu wa paja, mto wa kuzuia vidonda. Maneno hayo ni ya kawaida kabisa, na hakuna hata moja linalohitaji kamati ya istilahi.

Kwa wasioona, istilahi nukta nundu imekaa vizuri. Nundu ni ile iliyo mgongoni mwa ng'ombe, na msomaji akipapasa karatasi huzikuta nukta zimeinuka vivyo hivyo. Ni mfumo wa nukta sita uliotungwa na Mfaransa Louis Braille katika karne ya 19, na wengine huuita breli kwa kumkumbuka. Tatizo ni kwamba wanaoomba huandika "mashine ya nukta nundu" kwa vitu vitatu: mashine ya kuandikia kwa vidole, yenye vitufe sita vya nukta, printa ya nukta nundu, ambayo huunganishwa na kompyuta na huchapa kurasa nyingi, na kionyeshi cha nukta nundu, ambacho hakichapi chochote bali huinua na kushusha nukta chini ya vidole vya msomaji. Bei zake hazikaribiani hata kidogo. Cha kwanza ni cha mtu mmoja, cha pili hufaa kiwe cha chuo. Yafaa kuvitenga kwa majina hayo matatu.

Kuna kifaa kingine ambacho hakishikiki, nacho ni kisoma skrini, yaani programu inayoyasoma kwa sauti maandishi yaliyo katika kompyuta. Zipo za kununuliwa, kama JAWS, na ipo NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, ambayo hutolewa bure. Twaitaja bei kwa makusudi. Mwombaji aliyeandika tu "kompyuta yenye programu ya wasioona" aweza kukataliwa kwa sababu ya gharama ya programu, ilhali alichokosa kwa kweli kilikuwa kompyuta peke yake.

Kwa wasiosikia vizuri lipo jina shimesikio. Hatuna ugomvi nalo. Lakini yapaswa ieleweke kwamba shimesikio hukuza sauti zote kwa pamoja, pamoja na feni na minong'ono ya ukumbini. Mwanafunzi aliyepewa shimesikio hajamaliza mahitaji yake, na asiyesikia kabisa hatafaidika nalo hata kidogo. Na betri je? Kifaa kinachokula betri kiombwe pamoja na betri zake.

Ulemavu usioonekana tunaupitia kwa haraka, kwa kuwa istilahi zake bado ni changa na zahitaji makala yake. Inatosha kuonya kwamba ulemavu wa akili na ugonjwa wa akili si jambo moja, na kwamba mwanafunzi mwenye ugumu mahususi wa kusoma, ambao wataalamu huuita disleksia, hana moja wala jingine kati ya hayo.

Majina ya wahudumu

Mhudumu wa lugha ya alama ni mkalimani. Kiswahili kimekwisha kutofautisha mkalimani, ambaye hushughulika na mazungumzo papo hapo, na mfasiri, ambaye hushughulika na maandishi. Fomu inayosema "mtafsiri wa viziwi" humwita mtu asiyehitajika. Wasomaji wa pande zote mbili za mpaka wakumbuke pia kwamba Tanzania husema lugha ya alama na Kenya husema lugha ya ishara, na kwamba Lugha ya Alama ya Tanzania na Lugha ya Ishara ya Kenya ni lugha mbili, si majina mawili ya lugha moja. Mkalimani aliyefunzwa Nairobi asidhaniwe kuwa yuko tayari kwa darasa la Dar es Salaam. Chuoni neno alama lina mzigo wa ziada, kwa sababu huko alama ni zile za mtihani. Kwa hiyo kusiandikwe kamwe "msaada wa alama".

Mtu anayemwandikia mwenzake majibu katika mtihani huitwa mwandishi katika nyaraka nyingi, na anayemsomea maswali huitwa msomaji. Maneno hayo yamekwisha kushikwa na wenye vitabu na magazeti. Kiswahili kina njia ya wazi ya kuyatenga, kwa kutumia kauli ya kutendea: mwandikiaji na msomeaji. Masikioni yatakuwa mageni kwa muda, lakini kila mmoja atayaelewa mara ya kwanza anapoyasikia, na mratibu wa mitihani atajua kwamba kazi ya mwandikiaji ni kuandika yale aliyoambiwa, wala si kuyatunga.

Marekebisho, wala si malazi

Mkataba wa mwaka 2006 una istilahi moja ambayo ndiyo moyo wa haki hii vyuoni. Maana yake ni mabadiliko ya lazima na yanayofaa kwa mtu fulani katika hali fulani, yasiyomtwisha mtoaji mzigo uliopita kiasi; na Mkataba unasema kwamba kumnyima mtu mabadiliko hayo ni ubaguzi. Kiswahili si miongoni mwa lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa, kwa hiyo kila mfasiri hujifungulia njia yake. Kwa bahati mbaya neno la Kiingereza lililotumika humo ndilo lile lile linaloandikwa juu ya fomu za kuomba chumba cha bweni. Mfasiri mwenye haraka ataandika "malazi yanayofaa", na mwanafunzi aliyetaka mhadhara wake uhamishwe kutoka ghorofa ya tatu hadi ghorofa ya chini atajibiwa kwamba vyumba vya bweni vimejaa.

Twapendekeza marekebisho stahiki. Neno stahiki lina faida ya kubeba yote mawili: linalofaa, na lile ambalo mtu anastahiki kulipata. Muda wa nyongeza katika mtihani ni marekebisho stahiki. Karatasi ya maswali yenye herufi kubwa ni marekebisho stahiki. Ruhusa ya kurekodi mhadhara vilevile. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo upendeleo, maana hakuna jibu linaloongezwa.

Mahitaji maalumu ni istilahi nyingine inayofaa kuangaliwa. Imependwa kwa upole wake, lakini ni pana mno, na kwa mwombaji wa mkopo Tanzania ina mtego: kimojawapo cha vifungu vya mkopo ni mahitaji maalumu ya kitivo, ambayo ni vifaa vya lazima vya kozi fulani kwa wanafunzi wake wote. Mwanafunzi aliyeliona neno hilo akadhani kuwa ni la kitimwendo chake amejaza pasipomhusu.

Msaada, mkopo na azima

Tumefika penye fedha, na hapa neno moja huweza kumfunga mtu kwa miaka. Wengine wamelilaumu neno maombi wakisema linafanana na kuombaomba. Hatuoni hivyo, watu huomba kazi na huomba ruhusa, na heshima yao haipungui. Neno linalopoteza watu ni msaada, kwa kuwa halisemi kama kitu kitarudishwa au la.

Fedha za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, ni mkopo, na mkopo hurejeshwa. Ruzuku hairejeshwi. Posho ni fedha ya matumizi yaliyotajwa. Kisha kuna kitu kinachotolewa chenyewe, si fedha, na hapo Kiswahili cha wazee kinatusaidia kwa namna ambayo lugha nyingi hazina: mtu hukopa fedha akarudisha nyingine za thamani hiyo, lakini huazima jembe akarudisha jembe lile lile. Chuo kikimpa mwanafunzi mashine ya nukta nundu kwa muda wa masomo, ameazimwa, hakukopeshwa. Mashine ikiharibika kwa uchakavu hadaiwi bei yake kama deni. Katika hati nyingi za makabidhiano huandikwa tu "amekabidhiwa". Neno hilo ni bovu kwa kazi hii, maana halisemi lolote juu ya umiliki. Aliyekabidhiwa shimesikio lililofinyangwa kwa tundu la sikio lake atalirudisha kwa nani, na nani mwingine atalivaa? Hati iseme ameazimwa, au amemilikishwa, na iseme nani atakayelipia matengenezo. Kenya, ambako mtu aliyesajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu huweza kuomba kifaa au msaada wa karo, maneno haya yanahitaji uangalifu ule ule, kwa kuwa kifaa na karo ni maombi mawili.

Namna ya kuliandika ombi

Walimu wametuomba mara nyingi mifano. Ombi dhaifu husema: "Mimi ni mlemavu wa macho, naomba msaada wa vifaa." Kila neno la sentensi hiyo ni la kweli, na hakuna ofisa awezaye kununua kitu kwa kuisoma. Lililo bora litaje kazi, kikwazo, kifaa na muda, mathalani hivi:

"Nasoma mwaka wa kwanza wa shahada ya sheria. Nina uoni hafifu. Nasoma herufi zenye ukubwa wa pointi 24 na kuendelea. Kesi tunazopewa kila juma zimechapwa kwa herufi ndogo, na nakala zake maktabani haziruhusiwi kutoka. Naomba kuazimwa kikuzamaandishi cha mezani kwa muda wa masomo yangu, na kupatiwa karatasi za mitihani zenye herufi za ukubwa huo."

Mwombaji hakujidunisha wala hakusimulia maisha yake. Mganga atathibitisha sentensi ya pili, mkuu wa kitivo ya nne, na ofisa ugavi atanunua kwa kuisoma ya tano.

Fomu yenyewe

Limebaki jambo moja linalowahusu wanaozitayarisha fomu hizi. Fomu iliyopigwa picha na kuwekwa katika kompyuta huonekana vizuri kwa macho, lakini kwa kisoma skrini ni picha tupu, isiyo na neno hata moja ndani yake. Asiyeona hulazimika kumtafuta mtu wa kumsomea na kumwandikia fomu ya kuomba kifaa cha kumwezesha kusoma na kuandika mwenyewe. Fomu itolewe kwa maandishi yanayosomeka na programu, na kila pengo la kujaza liwe na jina lake, si mstari wa nukta tu.

Na maandishi hayo yatambulishwe kuwa ni ya Kiswahili. Ipo sauti ya Kiswahili katika eSpeak NG, ambayo huja pamoja na NVDA. Lakini maandishi yaliyotambulishwa kuwa ni ya Kiingereza huweza kusomwa kwa matamshi ya Kiingereza, na msikilizaji akaambulia sauti zisizo neno. Programu nyingi za kuandikia zina mahali pa kuchagua lugha ya maandishi, na Kiswahili kimo katika orodha. Mfasiri akichague kabla ya kuikabidhi kazi yake, kama vile anavyohakiki tahajia.